Mshauri, mdhamini au kikundi: mwanamke Mweusi anayetaka uongozi kazini Marekani ashike kipi kwanza?

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Wengi wetu tuliolelewa Afrika Mashariki tulipanda ndege na methali hiyo kichwani, tukaingia nayo kazini Marekani: hospitalini, benki, kwenye maghala, kwenye ofisi za kompyuta. Tunawahi, hatunung'uniki, tunabeba na mzigo wa mwenzetu aliyeumwa, kisha tunangoja mkubwa aone. Mimi nilingoja miaka 5 nikiwa kiongozi wa zamu ya usiku katika hospitali moja ya Ohio. Nafasi ya meneja wa wodi ilipotangazwa, akapewa kijana ambaye mimi mwenyewe nilimfundisha kupanga ratiba ya wauguzi. Wakati huo nilikuwa na washauri 3, watu wema kabisa, na wote walikuwa wameshaniambia kwamba niko tayari.

Tangu hapo wadogo zangu wananiuliza swali moja kwa namna nyingi: nina kazi, nina watoto, nina wazazi nyumbani wanaonitegemea, na wiki nzima napata saa 2 tu za kujijenga. Nizipeleke wapi? Majibu wanayopewa ni matatu. Tafuta mshauri. Tafuta mdhamini. Jiunge na kikundi cha wafanyakazi Weusi. Yanatajwa kwa pumzi moja kana kwamba ni dawa moja yenye majina matatu, na hapo ndipo wengi wanapopotezea miaka. Kila moja lina kazi yake, gharama yake na wakati wake.

Ngazi imekatika wapi

Watu hudhani shida iko juu kabisa, kwenye kiti cha mkurugenzi mkuu. Iko chini zaidi. Ripoti ya mwaka 2024 ya kampuni ya ushauri ya McKinsey na shirika la wanawake la LeanIn kuhusu wanawake kazini ilionyesha kwamba kwa kila wanaume 100 wanaopandishwa kutoka kazi ya kuanzia hadi umeneja wa kwanza, wanawake Weusi wanaopandishwa kwa uwiano huohuo ni 54. Ripoti ya mwaka 2020 ilikuwa imesema 58. Yaani kati ya ripoti hizo mbili zimepita kelele zote za baada ya kifo cha George Floyd, Mweusi aliyeuawa na polisi mwaka 2020, ahadi zote za makampuni, na kipago cha kwanza cha ngazi bado kimekatika. Asiyekanyaga kipago hicho hafiki cha pili, hata angekuwa na shahada ngapi.

Kwa nini sisi hasa, na si wanawake wote au Weusi wote kwa kiasi kilekile? Kuna kesi moja ninayopenda kuisimulia. Mwanamke Mweusi aitwaye Emma DeGraffenreid na wenzake 4 waliishtaki kampuni ya magari ya General Motors huko St. Louis. Kampuni ilipopunguza wafanyakazi kwa kuanzia na walioajiriwa mwisho, wanawake Weusi waliokuwa wameajiriwa baada ya 1970 walipoteza kazi wote. Mwaka 1976 mahakama iliwakatalia. Ilisema wanaweza kulalamika kama wanawake au kama Weusi, lakini si kama wanawake Weusi, na kampuni ilikuwa imeajiri wanawake kwa miaka mingi. Wanawake hao walikuwa weupe, wa kazi za ofisini. Watu Weusi wa kiwandani walikuwa wanaume. Mwaka 1989 mwanasheria Kimberlé Crenshaw aliitumia kesi hiyo kueleza hali ya mtu aliyesimama njia panda, anayeweza kugongwa na gari la upande wowote, au na yote kwa mpigo.

Ndiyo maana ushauri ulioandikwa kwa ajili ya "wanawake kazini" mara nyingi hautufai, na ule wa "Weusi kazini" nao unatuacha nusu.

Mshauri

Mshauri anakupa muda wake na anachokijua. Anasoma wasifu wako, anakueleza nani hapatani na nani, anakwambia kwamba bosi akisema "tutalifikiria" jambo limeshakataliwa, wala usiendelee kulisubiri. Kwa aliyetoka kwetu msaada huu ni mkubwa kuliko kwa mzaliwa wa huku. Sisi tumefundishwa kutomtazama mkubwa usoni kwa muda mrefu, kutomkatiza anapozungumza, kutojisifu. Kwenye mkutano wa Kimarekani adabu hiyo inasomwa kama kutokuwa na wazo. Unahitaji mtu wa kukutafsiria, na anaweza kuwa yeyote: jirani kanisani au msikitini, mwenzako wa idara nyingine, mtu aliyestaafu, hata mdogo kwako kwa umri.

Kumpata ni rahisi. Unamwomba, anakubali. Hana cha kupoteza, na udhaifu wake uko hapohapo. Nilivyonyimwa umeneja, washauri wangu 3 walinipigia simu kunipa pole. Hakuna hata mmoja aliyekuwa kwenye kikao kilichoamua.

Kuna hatari ya pili ambayo haisemwi sana. Ushauri usiokwisha unaweza kukugeuza kuwa gari la gereji: kila mwezi kuna kitu cha kurekebisha. Punguza sauti. Tabasamu zaidi. Lafudhi yako. Nywele zako. Kuhusu nywele nisimame kidogo, kwa sababu nimeona dada wakizichoma kwa dawa ili waonekane "wa kiofisi": California ilipitisha sheria iitwayo CROWN Act mwaka 2019 inayokataza kumbagua mtu kazini kwa sababu ya misuko, rasta au nywele zake za asili, na majimbo mengi yamefuata. Mshauri anayeanzia kwenye nywele zako badala ya kazi zako, mshukuru kwa muda wake na utafute mwingine.

Mdhamini

Aliyewahi kukopa SACCOS anamjua mdhamini. Si yule anayekufundisha kujaza fomu. Ni yule anayetia sahihi yake chini ya yako, na ukishindwa kulipa, akiba yake ndiyo inayokatwa. Kazini ni vivyo hivyo. Mdhamini yumo ndani ya chumba ambacho wewe hujaalikwa. Orodha ya majina inapopita mezani anasema, mpeni huyu, mimi nitasimama naye. Ukiharibu, neno lake litapungua uzito mara nyingine. Kwa hiyo hakubali kirahisi, wala haombwi kama anavyoombwa mshauri.

Mfano ninaouamini kuliko yote ni wa Ursula Burns. Mama yake alihamia New York kutoka Panama, akamlea katika nyumba za serikali za Lower East Side. Burns aliingia Xerox, kampuni ya mashine za kunakili, mwaka 1980 kwa mafunzo ya kazi ya kiangazi, akisomea uhandisi wa mitambo, na akabaki kama mhandisi. Karibu miaka 10 alikuwa mhandisi hodari kama wahandisi wengine hodari. Kisha mwaka 1989, kwenye mkutano wa ndani, mfanyakazi mmoja akauliza kama kuajiri watu wa asili mbalimbali hakushushi viwango. Wayland Hicks, mmoja wa wakubwa wa kampuni, alimjibu muulizaji kwa upole. Burns akasimama, akamwambia Hicks mbele ya watu kwamba ameshangaa kuona swali kama hilo likipewa heshima namna hiyo. Mabishano yao yaliendelea faraghani, na mwaka 1990 Hicks akamwomba awe msaidizi wake maalumu.

Burns mwenyewe alisita, akiona anarudishwa nyuma. Lakini msaidizi maalumu, pamoja na kubeba mafaili, anakaa chumbani maamuzi yanapofanyika. Mwaka uliofuata mkurugenzi mkuu, Paul Allaire, akamchukua awe msaidizi wake, baada ya Burns kumuuliza kikaoni inakuwaje kila mwezi anatangaza kwamba ajira zimesimamishwa na kila mwezi watu wanaongezeka. Kutoka hapo alipewa vitengo vya biashara aviongoze. Mwaka 2007 akawa rais wa kampuni, na Julai 2009 akapokea ukurugenzi mkuu kutoka kwa Anne Mulcahy. Alikuwa mwanamke Mweusi wa kwanza kuongoza kampuni iliyomo katika Fortune 500, orodha ya makampuni 500 makubwa zaidi ya Marekani.

Mambo mawili hapo yanamhusu anayechagua. La kwanza, wadhamini wake wote wawili walikuwa wanaume weupe. Ukimngoja mdhamini anayefanana nawe huenda ukangoja muda wote wa ajira yako, kwa sababu wenye madaraka hayo wanaofanana nasi ni wachache. Wapo, ndiyo: Mellody Hobson alikulia kikazi Ariel Investments ya Chicago, kampuni ya uwekezaji iliyoanzishwa mwaka 1983 na John W. Rogers Jr., mwanamume Mweusi, akaanza kama mwanafunzi wa mafunzo na akafika kuwa rais wake mwaka 2000. Lakini Ariel ni moja, na wanaotafuta kazi ni wengi.

La pili, sauti ya Burns ingeweza kumponza. Sisemi kila mmoja wetu asimame amkabili mkubwa hadharani. Neno lilelile, kwa bosi mwingine, lingempa sifa ya "mwanamke Mweusi mkali", na sifa hiyo haifutiki kwa urahisi. Ninachosema ni kwamba wale wanaume wawili walimjua kwa sababu alisikika. Kazi yake nzuri ya miaka 9 haikuwa imejiuza yenyewe.

Carla Harris, aliyeanza kazi katika benki ya uwekezaji ya Morgan Stanley mwaka 1987, ameeleza jambo hili kwa mfano wa sarafu mbili. Moja unaipata kwa kazi nzuri, nyingine kwa watu unaojenga nao uhusiano. Ya kwanza ina thamani sana mwanzoni, kisha inashuka, kwa kuwa wameshazoea kwamba wewe hufanya vizuri. Nilipoisikia hoja hiyo nilimkumbuka yule kijana wa ratiba. Yeye alikuwa akinywa kahawa na mkurugenzi wa uuguzi asubuhi; mimi nilikuwa nimeshatoka zamu, niko kwenye basi, nimelala.

Kikundi

Hiki ndicho kinachotukaa vizuri zaidi moyoni, kwa sababu tumetoka kwenye vikoba na vyama. Na historia yake inaturudisha Xerox ileile. Baada ya ghasia za Julai 1964 za Rochester, New York, mji wa Xerox, mkurugenzi wa kampuni, Joseph Wilson, aliahidi kuajiri watu Weusi. Waliajiriwa, kisha wakagundua kwamba wauzaji Weusi wanapewa maeneo yasiyo na wateja wa maana. Wakaanza kukutana wenyewe, wakafundishana kazi ya mauzo, wakadai haki yao. Mwaka 1970 kikundi chao kikatambuliwa rasmi, na kinahesabiwa kuwa mwanzo wa vikundi vya wafanyakazi vilivyoko leo katika makampuni ya Marekani. Wanawake Weusi wa Xerox wakaunda chao miaka ya 1980, maana hata ndani ya kikundi cha Weusi mambo yao yalikuwa yanasubiri mwisho.

Kikundi kinakupa kitu ambacho mshauri na mdhamini hawawezi: ulinganisho. Ndani ya kikundi ndimo unamojua mwenzako analipwa kiasi gani, nani alinyimwa kwa maneno yaleyale uliyoambiwa wewe, na meneja yupi ana desturi hiyo. Ukiwa peke yako unadhani kasoro ni yako. Wakiwa 6 wenye barua zinazofanana, hiyo si kasoro ya mtu tena.

Lakini kikundi hakipandishi cheo. Na kina mtego: mwanamke anayejituma ndiye anayeachiwa kuandaa Februari, mwezi wa historia ya Weusi, kuagiza chakula, kukaa kwenye kamati ya ujumuishi, kuwapokea wageni. Hizo ni kazi za kweli, lakini siku ya tathmini hazina safu kwenye fomu. Ukiombwa, uliza: nitapunguziwa nini, na nani atakayeiandika kazi hii kwenye tathmini yangu?

Zaidi ya hayo, hali ya sheria imebadilika. Fearless Fund, mfuko wa uwekezaji wa Atlanta, ilikuwa ikitoa ruzuku ya dola 20,000 kwa wanawake Weusi wenye biashara. Mwaka 2023 ikashtakiwa kwamba inawabagua wasio Weusi, na sheria iliyotumiwa ni ya mwaka 1866, iliyotungwa ili watu waliotoka utumwani waweze kufanya mikataba kama wazungu. Juni 2024 mahakama ya rufaa iliamua dhidi ya mfuko huo, na Septemba mpango wa ruzuku ukafungwa. Inauma kuandika sentensi hiyo. Januari 2025 Rais Trump akafuta amri ya mwaka 1965 ya Rais Johnson iliyowataka wenye mikataba na serikali kuu wachukue hatua za kuleta usawa katika ajira. Juni 2025 Mahakama ya Juu, kwa hukumu iliyoandikwa na Jaji Ketanji Brown Jackson na kuungwa mkono na majaji wote, ikasema mtu wa kundi la walio wengi anayedai amebaguliwa kazini hawekewi kizingiti cha juu kuliko wengine. Makampuni mengi yamefungua milango ya programu zao kwa wote, yamebadilisha majina, au yamezifuta.

Kwa hiyo programu yenye neno "Weusi" kwenye jina lake inaweza isiwepo mwakani. Mtu mmoja mwenye madaraka anayekuamini hafutwi na amri ya rais. Wala Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 haijafutwa: ukibaguliwa bado unaweza kulalamika kwa tume ya serikali ya usawa katika ajira, EEOC, ndani ya siku 180, au siku 300 katika majimbo mengi. Wafanyakazi wa serikali kuu wana siku 45 tu za kuanza. Ziandike hizo namba mahali.

Kwa hiyo ushike kipi

Kama una chini ya miaka 2 katika kampuni, au ndiyo kwanza umefika nchini, saa zako 2 zipeleke kwa mshauri. Mmoja anatosha, wawili wakizidi. Hakuna mdhamini atakayekutilia sahihi kabla hajaona kazi yako, na kumtafuta mapema kunakuchosha bure.

Kama kazi yako imeshajulikana na bado husogei, acha kutafuta ushauri. Hapa nasema kwa nguvu, kwa sababu hapa ndipo nilipokwama: tatizo lako halikuwa ujuzi, na darasa jingine halitalitatua. Saa zote 2 mpelekee mdhamini. Utamjua kwa vitendo. Amekutaja mahali usipokuwepo? Amekupa kazi yenye bajeti, ambayo ikiharibika itaonekana? Amekutetea ulipokosea? Anayekusifu mkiwa wawili tu, ofisini kwake mlango umefungwa, huyo bado ni mshauri, hata awe makamu wa rais.

Angalia pia anakusukuma kuelekea wapi. Wengi wetu tunapopandishwa tunapelekwa kwenye utumishi, mawasiliano au masuala ya ujumuishi, na vitengo hivyo ndivyo vinavyokatwa kwanza mambo yakibana. Rosalind Brewer aliongoza Sam's Club, maduka ya jumla ya Walmart, kuanzia 2012, na Thasunda Brown Duckett aliongoza benki ya wateja wa kawaida ya Chase kabla ya kushika kampuni ya pensheni ya TIAA mwaka 2021. Pamoja na Burns, wote watatu walipita kwenye vitengo vinavyoingiza pesa. Ukipewa kuchagua kati ya cheo chenye jina zuri na kitengo chenye mapato, chukua mapato.

Na kama hakuna mdhamini, hama. Burns na Hobson walikua kila mmoja ndani ya kampuni yake. Brewer alikaa Kimberly-Clark miaka 22, kisha Walmart, Starbucks na maduka ya dawa ya Walgreens, alikoingia kama mkurugenzi mkuu. Ukihama, uliza unapokelewa na hali gani. Hisa za Walgreens zilikuwa zimeshuka kwa miaka kabla Brewer hajaingia 2021, na mwaka 2023 akaondoka. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter, Michelle Ryan na Alexander Haslam, waliandika mwaka 2005 kuhusu desturi ya kuwapa wanawake usukani chombo kinapokaribia kwenda mrama. Usikatae usukani kwa sababu hiyo. Ila mkataba uandikwe mapema, ukiwa na muda wa kutosha wa kugeuza mambo na malipo ukiondolewa kabla.

Kikundi usikiache kamwe, kipe saa moja kwa mwezi, uende ukajue mishahara.

Miaka 2 baada ya yule kijana kupewa wodi nilihamia hospitali nyingine. Huko mkurugenzi wa uuguzi alikuwa mama mmoja mzungu wa Kentucky, mkali, mwenye maneno machache. Nikamwomba zamu ya mchana ili anione nikifanya kazi. Nikaomba nisimamie tatizo lililokuwa likimnyima usingizi, wagonjwa kuanguka wakitoka kitandani. Matukio hayo yalipopungua, nikaenda ofisini kwake mwezi wa 8, kabla ya vikao vya tathmini, nikamwambia maneno ambayo nilikuwa nimeyafanyia mazoezi jikoni: "Wodi ya tatu itahitaji meneja mwakani. Naitaka. Kwenye kikao utanitaja?" Akanyamaza kwa muda, akauliza, "Mbona hukuwahi kusema?"